Maganda ya Mayai Kando ya Ukuta

Nyumbani kwetu asubuhi huanza kwa kelele. Kwanza kuku, halafu pacha, halafu goti langu. Kuku wanadai chakula. Pacha wanadai chai. Goti langu linadai nirudi kitandani. Mimi naamka hivyo hivyo. Nachukua kigoda changu, nakaa mlangoni pa jikoni, naangalia watu wakifanya kazi. Na hiyo nayo ni kazi, msicheke.

Mwanangu ni fundi bomba. Hutoka mapema na mkoba wake wa spana. Mke wake sote tunamwita Mama Pacha, kwa ajili ya hao wasichana wawili. Yeye ndiye mwenye kuku. Banda liko nyuma ya nyumba, limeegemea ukuta. Upande wa pili wa ukuta anakaa fundi cherehani. Ni mjane, mtu mpole, tepi ya kupimia haimtoki shingoni. Nadhani hata akilala analala nayo.

Huyu fundi na Mama Pacha walikuwa kama wamezaliwa tumbo moja. Pacha walipozaliwa, fundi ndiye aliyewaogesha mwanzo mwanzo, maana mama yao hakuweza hata kuinuka. Alimwita Mama Pacha "mdogo wangu". Mama Pacha alimwita "dada". Shikeni maneno hayo, nitayarudia.

Basi, kuku. Walipoanza kutaga, yalikuwa mayai kweli. Ganda gumu, kiini kinang'aa. Majirani walinunua, na fundi akawa mteja wa kwanza. Baadaye mayai yakapungua. Mengine yakaja na ganda laini, ukilishika linabonyea kama karatasi iliyolowa. Mengine hayakuonekana kabisa. Unakuta kiota kimelowa kidogo, yai hakuna.

"Baba," Mama Pacha akaniambia, "kuna mtu anaingia bandani."

"Labda panya."

"Panya gani anabeba yai bila kuliangusha? Ana kikapu?"

Mambo ya panya na vikapu siyajui.

Siku moja akiwa anafagia banda, akaona maganda ya mayai kando ya ukuta. Yamekatika nusu nusu, masafi, kama vikombe vidogo. Akaokota moja. Akaangalia ukuta. Nikaona uso wake unabadilika.

"Baba, umeona? Wiki nzima sijamuuzia fundi hata yai moja, kwa sababu sina. Haya maganda yametoka wapi?"

"Muulize."

"Nimuulize nini? Anakula mayai yangu, halafu ananitupia maganda!"

"Mwanangu, muulize taratibu, mlangoni kwake."

Akaniambia ndiyo. Lakini kichwa chake kilikuwa kimeshachemka.

Kesho yake tulikuwa kwenye bomba la mtaa. Wanawake wengi wako foleni, na mimi nimo na kindoo changu cha kunawia. Fundi ameinama anakinga maji. Mama Pacha akafika, akaweka ndoo chini kwa kishindo.

"Siku hizi kuna watu wanakula mayai bila kufuga kuku," akasema. "Tena hawana haya."

"Makubwa!" akasema mmoja. "Nani huyo?"

"Anayekaa karibu na ukuta anajijua."

Watu wote wakageuza shingo. Fundi akainuka polepole.

"Mdogo wangu, unanisema mimi?"

"Maganda uliyotupa bandani kwangu umeyapata wapi?"

"Nilinunua mayai dukani. Nikasikia kuku wanapenda maganda, nikawarushia wako."

"Dukani!" Mama Pacha akapiga makofi. "Amenunua dukani, akanikumbuka kwa maganda! Jamani, nipeni jirani mwema kama huyu!"

Watu wakacheka. Kile kicheko cha watu wengi ni kitu kibaya. Fundi hakubishana. Akafunga bomba, ndoo yake haijafika hata nusu. Akasema, "Haya, Mama Pacha."

Mmesikia? Hakusema mdogo wangu. Alisema Mama Pacha.

Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa. Suruali niliyovaa alinikunjia yeye pindo, wala hakutaka malipo. Nilipopita mlangoni kwake sikujua niangalie wapi.

Sasa fikirini kazi ya cherehani. Mtu anakuletea kitambaa chake kizuri, anakuachia, anaondoka. Anakuamini. Ukishaitwa mwenye mkono mrefu, nani atakuachia kitambaa? Hazikupita siku nyingi, mama mmoja aliyepeleka kitambaa cha gauni akaja kukichukua. Nilimsikia kwa masikio yangu.

"Siyo kwa ubaya, fundi. Nimepata mtu mwingine tu."

Baadaye akaja mwingine. Ile cherehani, ambayo kutwa nzima huwa naisikia ukutani ikienda tiki tiki tiki, ikawa inanyamaza. Inashona kidogo, inanyamaza tena. Nilikuwa nalalamika kwamba inanikosesha usingizi wa mchana. Sasa ukimya ndio ukanikosesha.

Na mayai je? Yakazidi kupotea.

"Hajakoma!" Mama Pacha akasema. "Leo nitamshika mkono."

Akajificha nyuma ya pipa la maji, mchana kweupe, ameshika ufagio. Akaniambia na mimi nikae, niwe shahidi. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, goti likilia. Tunaangalia juu ya ukuta, tunasubiri mkono wa mtu.

Mkono haukuja. Kuku mmoja akatoka kiotoni, akaanza kutamba, ko-ko-ko-koo! Yai limebaki pale. Kuku mwingine, yule mweupe ambaye pacha wanamwita Bibi Harusi, akasogea. Akaliangalia yai kwa jicho moja. Akaligonga. Ganda likazama kama unga uliokandwa. Mara wenzake wakamjia mbio, wakasukumana. Ukifumba na kufumbua, yai hakuna. Na ganda wamekula. Bibi Harusi akainua kichwa, mdomo wote njano.

Mama Pacha akakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Ufagio ukamwanguka. Akaniangalia, macho yamejaa maji.

"Baba, usimwambie mtu."

"Hata mumeo?"

"Hata yeye. Nitachinja hawa kuku wote, mambo yaishe."

"Kuku utawachinja," nikamwambia. "Na maneno ya bombani utayachinja kwa kisu gani?"

Akajifunika uso kwa kanga. Sikumwongezea neno. Mtu akishaungua humwagii maji ya moto.

Ila mwanangu aliporudi, mke wake mwenyewe alimwambia. Alishindwa kula. Mwanangu alikuwa anatengeneza mabomba kwenye ofisi ya mifugo wiki hiyo. Akamwomba afisa mifugo apite kutuona. Akarudi naye, dada mmoja mchangamfu, amevaa buti za mpira.

"Hodi! Wagonjwa wako wapi?"

"Mgonjwa ni mimi," nikasema. "Goti."

"Babu, mimi natibu wenye mabawa. Ukiota mabawa niite."

Akaingia bandani, akamkamata Bibi Harusi, akampapasa kifuani.

"Mama, shika hapa. Unasikia nini?"

"Mfupa. Umechongoka kama kisu."

"Huyu ana njaa."

"Njaa!" Mama Pacha akashtuka. "Dada, wanakula mpaka wanasaza! Njoo uone mfuko."

Mfuko ulikuwa pembeni. Una picha ya kuku na mayai, na maandishi makubwa: CHAKULA CHA KUKU WA MAYAI. Afisa akachota kidogo, akaweka kiganjani, akapuliza. Puu! Chote kikaruka. Kiganja kikabaki kitupu.

"Mfuko unasema kweli," akasema. "Chakula ndicho kinadanganya. Hii ni pumba."

Mama Pacha akainamisha macho. Akaeleza kwa sauti ndogo. Mwanzo alinunua chakula chenyewe. Bei ikapanda, akachanganya na pumba kidogo. Akaona kuku wanakula tu. Akaongeza pumba. Akaongeza tena. Mwisho ikabaki pumba peke yake, ndani ya mfuko wa zamani.

"Niliona kuku ni kuku," akasema. "Akishiba ameshiba."

"Ameshiba tumbo, mwili una njaa," afisa akamjibu. "Wewe ulipokuwa na mimba ya pacha, ungekula viazi vitupu asubuhi mpaka jioni, ungekuwaje?"

"Ningekwisha."

"Huyu naye anakwisha. Ganda la yai linatengenezwa kwa chokaa. Asipoipata kwenye chakula, anaitoa kwenye mifupa yake. Na kiini na ute vinataka chakula cha kujenga mwili. Anajila mwenyewe kwanza. Ndiyo maana ganda linalainika. Likilainika linavunjika. Likivunjika, anaonja. Akionja, anakuta ndicho kitu alichokuwa anakitafuta."

Mimi sikuridhika. Nikasema, "Binti, zamani kuku wetu walijitafutia. Hakuna aliyewanunulia mfuko."

"Walikuwa wanatembea, babu?"

"Kutwa nzima."

"Wakila nini?"

"Wadudu, mchwa, majani, mbegu, vijiwe. Kila takataka."

"Na walitaga kila siku?"

"Aa, wapi! Wanataga kidogo, wanaatamia, wanapumzika."

"Haya. Huyu amefungiwa, haoni mdudu wala jani. Na mnataka yai karibu kila siku. Mmempa kazi ya kiwandani na chakula cha mfungwa."

Hapo nikacheka. Alikuwa amenishinda.

"Sasa ninunue kipi?" Mama Pacha akauliza. "Dukani ile mifuko yote inafanana."

"Haifanani. Soma, au mwombe mtu akusomee. Kuna chakula cha vifaranga. Kuna cha kuku wanaokua. Kuna cha kuku wa nyama, hicho kinanenepesha, hakimjengi mtagaji. Kwa kuku anayetaga, chukua kilichoandikwa cha kuku wa mayai. Na hicho usiwape vifaranga. Chokaa yake ni nyingi, inawaumiza figo."

"Mwenye duka akinipimia kilichofunguliwa?"

"Kishike, kinuse. Kikinuka uvundo, au kimeganda mabonge, acha, hata akikupa bure. Ukungu una sumu. Mfuko mzima angalia tarehe. Ukifika nyumbani weka juu ya ubao, pakavu, siyo sakafuni."

"Na kiasi?"

"Robo kilo inawatosha kuku wawili kwa siku. Tafuta kopo, lipimie dukani mara moja, ndilo liwe kipimo chako. Usiongeze pumba ili kiwe kingi. Kama huwezi kuwalisha wote, uza baadhi, baki na unaowaweza. Maji masafi yawepo muda wote. Kuku asiyekunywa hatagi. Na majani mabichi uwafungie kwa kamba juu, wadonoe, wapate shughuli."

"Nianze leo?"

"Anza leo, ila kidogo kidogo. Changanya na hii pumba, kila siku uipunguze, mpaka wiki iishe. Ukibadili ghafla wataharisha. Halafu weka kikopo cha pembeni chenye maganda ya konokono yaliyosagwa, yanauzwa dukani. Kila kuku atachukua anachohitaji."

Akainama, akaokota kipande cha ganda kando ya ukuta, yale ya nusu nusu.

"Haya nani anawapa?"

Nikamwona Mama Pacha anainua uso, kama mtu aliyeona mlango wazi.

"Ni jirani! Fundi cherehani!"

"Ganda ni chakula kizuri," afisa akasema. "Lakini siyo hivi. Kuku akipewa ganda lenye umbo la yai, anajifunza kwamba yai linalika. Linatakiwa lioshwe, likaushwe motoni, lipondwe mpaka liwe chenga ndogo kama mchanga."

"Kwa hiyo yeye ndiye aliyewafundisha!" Mama Pacha akasema. "Baba, umesikia? Kosa ni lake!"

Mimi nilitazama goti langu. Mwanangu alitazama spana zake. Afisa hakujua habari za bombani, akacheka tu.

"Kosa la kutojua, mama. Huyo jirani anakupenda. Mwingine angetupa maganda jalalani. Yeye aliwaona kuku wako wamekonda, akawatafutia chokaa. Amewalisha kuliko wewe."

Jamani. Yule binti hakukusudia. Lakini Mama Pacha alijikunyata kama aliyemwagiwa maji. Afisa akaendelea kueleza, mayai yakusanywe mapema, kila anayetaga aokotewe yai lake upesi, viota viwe na giza kwa pazia la gunia, Bibi Harusi atengwe kwa muda. Mama Pacha alikuwa anaitikia, "Ndiyo, ndiyo." Uso wake ulikuwa kwingine.

Asubuhi akaniambia, "Baba, twende bombani."

"Kindoo changu kimejaa."

"Kimwage."

Nikakimwaga. Tukaenda. Watu ni wale wale. Fundi naye alikuwepo, mwisho wa foleni, siku hizi alikuwa anasimama mbali kidogo na wenzake. Mama Pacha akaweka ndoo chini, taratibu safari hii.

"Jamani, nisikilizeni. Mwizi wa mayai yangu nimemshika."

"Ehe!" watu wakasogea. Nikaona fundi ameshikilia ndoo yake kwa nguvu.

"Ni kuku wangu mwenyewe. Wanakula mayai yao kwa njaa. Nilikuwa nawapa pumba tupu. Fundi hakuiba kitu. Alinunua dukani kama alivyosema. Mimi ndiye niliyemsema hapa, mbele yenu, kwa uongo. Na mliocheka, mlichekea uongo wangu."

Hakuna aliyecheka. Yule aliyesema "Makubwa!" alikuwa anachunguza kandambili zake.

Mama Pacha akamgeukia fundi. "Dada, nisamehe."

Fundi akamtazama. Hakukimbilia kumkumbatia, siwadanganyi. Akasema, "Nimesikia, Mama Pacha. Yule wa gauni na wenzake hawapo hapa leo."

Akakinga maji yake, akaondoka.

Mimi nilidhani Mama Pacha atalia. Hakulia. Siku ile ile alipita nyumba kwa nyumba kwa wote waliochukua vitambaa vyao. Mimi nilimsindikiza mpaka goti likagoma. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Nilimsingizia fundi. Kosa ni langu." Kwenye mlango mmoja walimwacha amesimama juani, wakamsikiliza bila kumkaribisha. Alisema mpaka mwisho. Kuona mtu mzima anajishusha hivyo mlango kwa mlango, aibu ile ilinipata hata mimi niliyesimama barabarani.

Kuku walianza kula chakula chenyewe. Kopo likapimwa. Kikopo cha chenga kikatundikwa. Majani yakaning'inizwa. Yakabaki mapazia ya viota. Mama Pacha hakuthubutu kwenda kwa fundi. Akachukua magunia, akashona mwenyewe kwa mkono. Mimi siyo fundi, lakini hata mimi niliona. Moja lilikuwa refu kushoto, fupi kulia. Jingine lilishonwa likashikana na kanga yake.

Zikapita wiki kadhaa. Mayai yakarudi, moja moja, halafu mengi. Maganda magumu. Mama Pacha akachagua mazuri, akayaweka kwenye bakuli, akayaacha mlangoni kwa fundi bila kupiga hodi, akakimbia kama mtoto aliyevunja kioo. Wateja nao walikuwa wameanza kurudi. Yule wa gauni alipita na kitambaa chake kwapani, akajifanya hanioni. Cherehani ikaanza tena: tiki tiki tiki.

Jioni moja nikiwa kwenye kigoda changu, nikasikia hodi. Alikuwa fundi, tepi shingoni. Mkono mmoja ameshika bakuli, mwingine ameshika kimfuko. Mama Pacha akatoka jikoni, akasimama, hajui aweke wapi mikono.

"Mayai yako magumu," fundi akasema. "Nimegonga moja ukingoni mwa meza, meza ndiyo iliyolalamika."

"Ndiyo," Mama Pacha akajibu, kidogo sana.

"Maganda yake haya hapa. Nimeosha, nimekausha, nimeponda. Mumeo alinieleza. Safari hii nimepita mlangoni, sirushi ukutani."

Mama Pacha akapokea kile kimfuko kwa mikono miwili. Fundi akachungulia bandani. Akaona yale mapazia. Akayatazama muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama daktari.

"Nani ameshona vitu hivi?"

"Mimi."

"Kuku wanatagia humu?"

"Wanatagia."

"Masikini, ni wavumilivu." Akavuta tepi shingoni, akaanza kupima kiota, huku anatikisa kichwa. "Sogeza taa, mdogo wangu. Na uniletee mkasi."

Mama Pacha aliingia ndani kutafuta mkasi. Alikawia sana. Mkasi ulikuwa mezani, nilikuwa nauona pale nilipokaa. Lakini sikumwambia. Nilimwacha afute macho kwanza.